Shimo la Kidole Kizima

Haya, sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma, toa kidole mdomoni, utakihitaji baadaye.

Kulikuwa na msichana anaitwa Tusekile. Alikuwa na miaka sita, na pengo moja mbele.

Tusekile aliishi Tukuyu, kwenye vilima na migomba na baridi ya asubuhi. Aliishi na Bibi, na Shangazi Anyisile, na mdogo wake, Gwakisa.

Gwakisa alikuwa na miaka mitatu. Kazi yake kubwa ilikuwa kutia kidole kwenye vitu.

Uji, kidole. Asali, kidole. Sikio la mbuzi, kidole.

Na Tusekile alikuwa na mpira. Aliutengeneza mwenyewe kwa majani makavu ya migomba. Aliufunga kamba, akaufunga tena, akaufunga tena, siku tatu nzima.

Ulikuwa mkubwa kuliko kichwa cha Gwakisa. Tusekile aliupenda sana.

Wiki hiyo nyumbani kulikuwa na pilikapilika. Jumamosi wageni wangekuja kumposa Shangazi.

Sasa, kwa Bibi, mgeni wa posa haingii ndani moja kwa moja. Anakaa kwanza nje, kwenye kibaraza. Anapumzika, na Bibi anamtazama vizuri.

Basi Bibi akajenga kibaraza kipya mbele ya jiko. Kibaraza cha udongo, kinene, cha kukaa watu wanne. Watano wakibanana.

Alikanda udongo kwa miguu. Akakandika kwa mikono. Akasugua kwa jiwe laini, sugu, sugu, sugu, mpaka kikang'aa.

"Kisiguswe mpaka kikauke," alisema Bibi. "Kuku asiguse. Mbuzi asiguse. Na mwenye kidole asiguse."

Gwakisa akaficha kidole nyuma ya mgongo.

Bibi akaenda shambani kuchuma mboga. Shangazi akaenda mtoni kufua.

Tusekile akacheza mpira. Aliupiga kwenye ukuta wa jiko. Puta, puta, puta.

Kisha akakumbuka maji. Akaacha mpira uani, akamshika Gwakisa mkono, wakaenda bombani.

Waliporudi, Bibi alikuwa amesimama mbele ya kibaraza. Mikono ilikuwa kiunoni.

Kwenye kibaraza kulikuwa na shimo.

Lilikuwa shimo la duara. Tena lilikuwa na kina. Na kabla mtu hajamzuia, Gwakisa akatia kidole.

Kidole kikaingia. Kikaingia. Kikaingia chote.

"Kidole kizima," alisema Gwakisa. Alifurahi kweli.

Bibi hakufurahi. Bibi alitazama chini, karibu na kibaraza. Pale palikuwa na mpira, umetulia tuli, kana kwamba haukusikia kitu.

Bibi alitazama shimo. La duara. Akatazama mpira. Wa duara.

"Tusekile."

Siku nyingine Bibi humwita Tuse. Akilitaja jina lote, ujue kuna jambo.

"Ni mpira wako uliofanya hivi?"

Tusekile alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye pengo.

Lakini akakumbuka. Puta, puta, puta. Ukuta ule ule. Labda mara moja mpira uligonga kibaraza, na yeye hakuona.

"Sijui, Bibi," alisema.

Bibi hakuzoea jibu hilo. Wajukuu husema ndiyo, au husema hapana na kukimbia.

"Hujui?"

"Sijui. Ila naweza kupima."

"Mpira wenyewe una udongo," alisema Bibi.

Na kweli ulikuwa na udongo. Lakini mpira ule ulikuwa na udongo tangu siku ya kwanza.

Bibi akafikiri. Ndani ya jiko, chungu kilikuwa juu ya mafiga. Maharage yalikuwa yameanza kuchemka.

"Sawa," alisema Bibi. "Pima. Nakupa muda mpaka maharage yaive. Kama ni mpira, unaingia motoni. Kuni zangu ni mbichi, na majani ya migomba yanawaka vizuri."

Tusekile akauokota mpira, akaukumbatia. Siku tatu za kufunga kamba, halafu moto.

Na Bibi akisema, amesema.

*

Tokota, tokota, yalisema maharage. Bado.

Udongo wa kibaraza ulikuwa umebaki kwenye karai. Udongo ule ule, laini vile vile. Tusekile akausawazisha kwa kiganja.

"Nikiangusha kitu hapa," alisema, "shimo litakuwa kama la kule."

"Na mimi?" aliuliza Gwakisa.

Tusekile akamtazama mdogo wake. Akatazama kidole chake.

"Wewe ndiye kipimo," alisema.

Gwakisa akakitoa kidole nyuma ya mgongo. Kwa mara ya kwanza maishani, mtu alikuwa anakihitaji.

Kwanza, mpira. Tusekile akauinua mpaka kifuani.

Inua. Achia. Pu.

"Kidole," alisema Tusekile.

Gwakisa akatia kidole. Hakikuzama. Palikuwa na alama tu, kama ya kikombe kilichowekwa mezani.

"Hamna," alisema Gwakisa. Aliona ameonewa.

Tusekile akasawazisha udongo. Akaenda chini ya mparachichi, akaokota parachichi moja bichi, gumu.

Parachichi lilikuwa dogo. Ungeweza kulificha lote nyuma ya mpira.

Akaliinua mpaka kifuani. Pale pale alipouinua mpira.

Inua. Achia. Tupu.

"Kidole."

Gwakisa akatia kidole. "Pingili moja," alisema.

Nanyi toeni vidole sasa. Tazameni. Ncha mpaka mkunjo wa kwanza, hiyo ni pingili moja. Ya pili. Ya tatu. Zote tatu ni kidole kizima. Haya, vizuri.

Tusekile akakunja uso. Mpira ni mkubwa, umeacha alama. Parachichi ni dogo, limetoboa pingili moja.

Akashika mpira mkono huu. Akashika parachichi mkono ule. Mkono wa parachichi ukashuka.

"Aa," alisema Tusekile. "Parachichi ni zito. Mpira ni mkubwa bure."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasugua upande wa kibaraza usio na shimo. Sugu, sugu. Alijifanya haoni. Lakini jicho moja lilikuwa kwenye karai.

*

Tokota, tokota, yalisema maharage. Bado.

Tusekile akashika parachichi lile lile. Akaliinua mpaka gotini tu.

Inua. Achia. Tu.

"Ukucha," alisema Gwakisa.

Akasimama juu ya ndoo iliyofunikwa. Akaliinua parachichi juu ya kichwa chake, mpaka vidole vya miguu vikatetemeka.

Inua. Achia. Tupwi.

"Pingili moja," alisema Gwakisa. Akasukuma kidogo. "Na nyingine kidogo."

"Usisukume."

"Sisukumi. Kidole kinaenda chenyewe."

Tusekile akakaa juu ya ndoo, akafikiri. Parachichi halikuongezeka uzito. Ni lile lile. Kwa nini kutoka juu linatoboa zaidi?

Akaliangusha tena, akalitazama kwa makini. Akaliangusha tena. Gotini, lilifika chini taratibu. Kichwani, lilipita mbele ya macho, fyuu, na likawa limeshafika.

"Linapata mbio," alisema. "Likitoka mbali, linapata mbio njiani."

"Kama mimi kwenye kilima," alisema Gwakisa.

"Kama wewe kwenye kilima. Mwanzoni unatembea, mwishoni unalia."

Sasa Tusekile alitaka kujua jambo moja zaidi. Je, ni juu ndiko kunakotoboa, au ni mbio?

Akalishika parachichi kifuani, pale pa kwanza. Safari hii hakuliachia. Alilitupa chini kwa nguvu zote.

Dubwi.

Udongo ukaruka. Gwakisa akapata ndevu za udongo.

Akatia kidole. Akahesabu, na kuhesabu hakukuwa jambo rahisi kwake. "Pingili mbili."

Juu hakukubadilika. Mbio ndizo zilizoongezeka. Tusekile akaruka kwa furaha, akasema haya maneno, nanyi mseme pamoja naye:

"Chepesi kikija polepole, pu.
Kizito kikija mbio, dubwi."

Gwakisa akapenda sana ile dubwi. Akaisema mara kumi.

*

Tokota, tokota, yalisema maharage. Harufu ikaanza kutoka.

"Bibi," alisema Tusekile, "mpira ni mwepesi. Si mpira."

Bibi hakuinua uso. "Mpira uliuangusha tu kutoka kifuani. Ulipokuwa unacheza, uliuangusha kutoka kifuani?"

Tusekile akatazama mguu wake.

"Ulikuwa unaupiga kwa mguu," alisema Bibi. "Puta, puta, puta. Nilisikia mpaka shambani. Mpira unaopigwa una mbio."

Bibi alisema kweli. Na mtu akisema kweli unapopima, huwezi kuziba masikio.

Tusekile akainua karai, akaliegemeza ukutani. Akarudi nyuma hatua tano. Akaweka mpira chini.

Akipiga polepole, mpira utapona. Hakuna atakayejua.

Gwakisa alimtazama. Bibi alimtazama. Tusekile akavuta pumzi.

Akapiga kwa nguvu zake zote. Mguu mzima, mwili mzima, na pengo lake pia.

PUTA.

Mpira ukagonga udongo, ukarudi ukivingirika uani.

"Kidole," alisema Tusekile. Alifumba macho.

Gwakisa akatia kidole. Akakizungusha huku na huku.

"Ukucha," alisema Gwakisa.

Tusekile akafumbua macho. "Ukucha tu?"

"Ukucha na uchafu wake."

Bibi akasimama. Akaja kwenye karai, akainama, akatazama kwa jicho moja, akatazama kwa la pili. Kisha akatia kidole chake mwenyewe.

"Ukucha," alisema Bibi.

Mpira ulikuja kwa mbio kweli. Lakini ulikuwa mwepesi mno. Hata ukipigwa na pengo, haufiki kidole kizima.

"Basi si mpira," alisema Bibi polepole. "Ni nini, sasa? Shimo halijitoboi."

*

Tokota, tokota. Maharage yalikuwa karibu.

Sasa mpira ulikuwa salama. Tusekile angeweza kuuchukua akaenda kucheza. Wewe ungeenda?

Tusekile hakwenda. Swali lilikuwa limeshamwingia kichwani, na halikutaka kutoka.

Akasimama mbele ya kibaraza. Akaweka parachichi kwenye shimo. Likapotea humo ndani, shimo likabaki na nafasi.

"Ni kitu kizito kuliko parachichi," alisema. "Na kilikuja kwa mbio."

"Mbuzi," alisema Gwakisa.

"Mbuzi si wa duara."

Gwakisa akamfikiria mbuzi. Akakubali.

"Ili kipate mbio," alisema Tusekile, "ama kilirushwa, ama kilitoka mbali. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kurusha. Basi kilitoka mbali. Kilitoka juu."

Akainua uso taratibu. Juu ya kibaraza palikuwa na ukingo wa bati la jiko.

Nyuma ya jiko la Bibi kuna kilima. Ukisimama kilimani, bati liko chini ya kiuno chako, limeinama kuelekea mbele, kwenye kibaraza.

Tusekile akazunguka nyuma mbio. Gwakisa akamfuata, dubwi, dubwi, dubwi.

Juu ya bati kulikuwa na maboga. Bibi huyaweka pale yapate jua. Maboga ya duara, magumu, mazito.

"Bibi," aliita Tusekile, "uliweka maboga mangapi?"

"Matano," alijibu Bibi kutoka mbele.

Tusekile akahesabu. Akahesabu tena. Akamhesabisha na Gwakisa, ikawa saba, akahesabu mwenyewe tena.

Yalikuwa manne.

Na kwenye bati, karibu na lile la nne, palikuwa na duara safi lisilo na vumbi. Kutoka kwenye duara hilo, mchirizi mrefu ulishuka, ukashuka, ukafika ukingoni.

*

Boga la tano lilikuwa wapi?

Uwanja wa Bibi una mteremko. Kitu cha duara kikianguka pale, hakikai kumsubiri mtu.

Tusekile akashuka kwenye migomba. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akainua majani makavu.

"Gwakisa, tafuta na wewe. Usikae tu."

"Nimechoka," alisema Gwakisa. Alikuwa amekaa chini ya mgomba, miguu mbele.

"Umekaa juu ya nini?"

Gwakisa akatazama chini. "Boga," alisema.

Lilikuwa boga kweli. Shavu moja la boga lilikuwa na udongo. Udongo wa kibaraza, laini, ule ule.

Walilibeba pamoja, mmoja huku, mmoja huku. Lilikuwa zito kwelikweli. Gwakisa alibeba zaidi kwa mdomo kuliko kwa mikono.

Shangazi Anyisile alikuwa anarudi kutoka mtoni, beseni la nguo kichwani. "Mnapeleka wapi boga?" aliuliza.

"Tunalirudisha kwenye shimo lake," alisema Tusekile.

Wakaliweka. Likakaa kwenye shimo kama yai kwenye kiota. Halikubakiza nafasi, wala halikubana.

Bibi alilitazama. Kisha akatikisa kichwa.

"Haliwezi kuwa boga," alisema. "Maboga yangu hayavingiriki. Nimeyazuia kwa jiwe."

"Jiwe gani, Bibi?" aliuliza Tusekile.

"Jiwe langu la mtoni, lile laini, lile la..."

Bibi akatazama mkono wake.

Mkononi alikuwa na jiwe. Jiwe la mtoni. Jiwe laini. Lile alilosugulia kibaraza tangu asubuhi.

Bibi alilitazama jiwe muda mrefu sana. Jiwe nalo halikuwa na la kusema.

Shangazi akafunika mdomo kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Mama," alisema Shangazi, "ulilitoa wapi hilo jiwe?"

"Kwenye bati," alisema Bibi. Sauti ilikuwa ndogo. "Niliona linafaa kusugulia."

*

"Tupime na boga pia," alisema Tusekile. "Tusiseme tu."

Shangazi akatua beseni. Akasimama juu ya ndoo, karai likiwa chini mbele yake. Akainua boga juu, juu kabisa, karibu sawa na ukingo wa bati.

"Rudini nyuma," alisema Shangazi.

Nanyi rudini nyuma kidogo. Semeni nasi.

Inua. Achia.

DUBWI.

Udongo uliruka mpaka kwenye kanga ya Shangazi. Uliruka mpaka kwenye pua ya Bibi. Boga likadunda, likavingirika pembeni.

Gwakisa alikuwa ameshatia kidole. Kikaingia. Kikaingia. Kikaingia chote.

"Kidole kizima," alisema. Akakiacha humo kwanza, akistarehe.

Tusekile akaimba, na Shangazi akaitikia:

"Chepesi kikija polepole, pu.
Kizito kikija mbio, dubwi."

Bibi alijifuta pua. Akavuta kigoda, akakaa, akamwita.

"Tuse, njoo hapa."

Aliita Tuse, mmesikia? Si jina lote.

Tusekile akaja. Bibi akamshika mikono yote miwili, mikono yenye udongo ndani ya mikono yenye udongo.

"Nilikuonea," alisema Bibi. "Niliona duara na duara, nikasema yameisha. Sikupima. Wewe ulipima, hata ulipoogopa. Nisamehe, mjukuu wangu."

Tusekile hakujua watu wazima huomba hivyo. Akaegemea kifua cha Bibi, akakaa hapo, akasikia moyo wa Bibi ukigonga polepole.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini niliogopa sana kwa ajili ya mpira."

"Najua," alisema Bibi. "Nilikuona."

*

Wote wanne wakaziba shimo. Bibi alikandika, Shangazi alilainisha, Tusekile alisugua. Gwakisa alishikwa mikono.

Maboga yote yalishushwa, yakapangwa chini, ukutani, mahali ambapo boga haliwezi kuanguka zaidi ya hapo.

Kibaraza kikang'aa tena, kizuri kuliko mwanzo. Shangazi akaingia ndani kukunja nguo.

Bibi akatazama uani. Mpira ulikuwa pale, umetulia.

"Tuse," alisema Bibi, "huu mpira unapigwaje?"

"Kwa mguu tu, Bibi."

"Huu mguu?"

"Wowote."

Bibi akapandisha kanga kidogo. Akarudi nyuma hatua moja. Akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuonja mboga kabla ya wageni.

Akapiga.

Sasa, Bibi alikuwa na miaka sitini na minane, na hakuwahi kupiga mpira. Mguu ulitaka kwenda huku. Mpira ukataka kwenda kule.

PUTA. Mpira ukagonga kibaraza, katikati kabisa, pale palipong'aa zaidi.

Gwakisa akachomoka. Akatia kidole. "Ukucha," alisema.

Shangazi akatokea mlangoni, gauni likiwa limening'inia mkononi. Akaona kibaraza. Akaona alama mpya. Akaona mpira.

"Nani tena huyu?" aliuliza Shangazi.

Tusekile akatazama mpira wake. Akamtazama Bibi. Halikuwa swali lake.

Kuku akapita. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba.

"Mimi," alisema Bibi.

Alisema wazi, akiwa amesimama wima, na kanga bado imepandishwa.

Gwakisa alifikiri sana. Kisha akauliza, maana alikuwa mtoto wa kukumbuka maneno, "Sasa tunachoma nini?"

"Hatuchomi kitu," alisema Bibi. "Maharage yameiva. Tunakula."

"Nisugue alama?" aliuliza Tusekile.

"Iache," alisema Bibi. "Jumamosi wageni wakiuliza, nitawaambia ni mguu wangu."

Wakala maharage na ndizi. Wakala mpaka chungu kikaonyesha chini, na chini kabisa kulikuwa na kidole cha mtu, tunamjua.

Kisha wakanawa udongo. Miguuni, mikononi, masikioni, na ndevu za Gwakisa.

Tusekile akapanda kitandani. Bibi akaleta mpira, akaulaza kando ya mto, akamfunika yeye, akaufunika na mpira.

"Bibi," alisema Tusekile, macho yakiwa mazito, "nikilala naangukaje?"

"Polepole," alisema Bibi. "Usingizi hauna mbio."

Tusekile akaangukia usingizini.

Pu.